Rangi na Bei: Tafakari juu ya Urembo wa Gharama



Vijana wapendwa, katika mikutano yetu kuna swali ambalo limerudi mara nyingi, nalo huleta kicheko kabla ya kuleta ubishi: je, msichana Mkristu hutenda vema akinunua rangi ya midomo ya bei kubwa, ile inayotengenezwa Ulaya na kuuzwa ndani ya kisanduku kinachopendeza kuliko kilichomo? Wengine hujibu upesi kwamba ni dhambi. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba fedha ni za mwenyewe, wala hakuna wa kumwuliza. Majibu hayo mawili yana kosa moja, nalo ni haraka. Sisi tumeona heri kuiuliza historia kwanza, kwa sababu swali hili lilikuwa limezeeka katika nchi zetu kabla kijiti cha kwanza cha rangi ya midomo hakijafika hapa.

Kasenyi ni mahali pa kufaa kuulizia. Tunakaa ukingoni mwa Ziwa Albert, chini ya mteremko unaoshuka kutoka Bunia kwa njia ya Bogoro. Zamani za ukoloni meli zilivuka kati ya bandari yetu na Butiaba, ng'ambo ya Uganda. Leo mitumbwi yenye mota huvuka kwenda Ntoroko na kurudi. Samaki hutoka, bidhaa huingia: sabuni, vitenge, simu, manukato, rangi za midomo. Mtu aliyelelewa bandarini anajua jambo moja bila kufundishwa, kwamba kila kitu kinachoshuka chomboni kimelipiwa na kitu kingine kilichopanda. Tuuchunguze urembo kwa jicho hilo la bandari.

Urembo uliokuwapo kabla ya duka

Wako wanaosema kwamba kujipaka rangi ni desturi ya wageni. Historia haiwaungi mkono. Katika msitu wa Ituri, wanawake wa Wambuti tangu zamani wameichora miili yao, na kuzichora nguo za magome ya miti, kwa maji ya tunda la gardenia yanayogeuka kuwa meusi. Wanaume waliyaponda magome mpaka yakalainika, nao wanawake wakayajaza mistari na alama. Nguo hizo leo zinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kule Uele, msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Munza wa Wamangbetu mwaka 1870, alikuta watu wanaojua kujipamba kwa ustadi mkubwa. Na katika sehemu nyingi za Kongo unga mwekundu wa mti wa ngula, uliochanganywa na mafuta, ulipakwa mwilini siku za furaha na siku za mabadiliko ya maisha, kama vile ndoa na uzazi.

Kwa hiyo wekundu juu ya mwili wa binadamu haukuletwa kwetu na meli. Nyanya zetu waliujua. Lakini tuangalie gharama yake ilikuwa nini. Ilikuwa ni kazi ya kutafuta mti, kuusaga, kuchanganya na kusubiri. Aliyejipamba alijua urembo wake umetoka wapi na nani aliutolea jasho. Hakuna aliyelala njaa ili mwenzake apakwe ngula.

Ushanga mwekundu uliopewa jina la njaa

Mambo yalibadilika urembo ulipoanza kununuliwa kutoka mbali. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka pwani ikielekea maziwa makuu, ikibeba nguo, waya na shanga, ili irudi na pembe za ndovu na, kwa aibu ya kizazi kile, watumwa. Shanga nyingi zilitengenezwa kwa kioo huko Venice, katika Italia. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka Ujiji kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwa makini majina ya aina za shanga, maana mfanyabiashara aliyekosea rangi aliweza kuharibikiwa na msafara mzima. Kila nchi ilikuwa na rangi iliyopendwa wakati huo, na ile isiyopendwa haikununua hata kuku.

Miongoni mwa shanga hizo, mmoja ulipita mingine kwa bei na kwa kutamaniwa. Ulikuwa mdogo, mwekundu kwa nje na mweupe kwa ndani. Jina lake la sokoni lilikuwa samesame. Lakini watu wa misafara waliupa majina mengine mawili, nayo ndiyo yanayotuhusu. Waliuita kimara-pamba, yaani kimaliza-chakula, kwa sababu mtu alikubali kutoa chakula chake ili aupate. Tena waliuita kivunja-mji, kwa sababu watu waliona jinsi tamaa ya ushanga huo ilivyoweza kuitikisa nyumba na kuigombanisha.

Tusimame kidogo juu ya majina haya. Hakuna mhubiri aliyeyatunga. Yametoka katika vinywa vya wapagazi, wachuuzi na watu wa vijijini, walioona kwa macho yao chungu kikibaki kitupu na shingo ikijaa. Hawakusema kwamba ushanga ni mbaya. Waliuita mzuri, wakautafuta. Walichokitaja kwa mzaha wenye uchungu ni kile kilichotoka nyumbani siku ushanga ulipoingia.

Na sisi wa ziwani tumo katika habari hiyo. Mwezi wa Desemba 1887 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotumwa kumtafuta Emin Pasha, ulitoka katika msitu wa Ituri ukafika ziwani kwetu upande wa kusini-magharibi, katika nchi ya mtawala Kavalli. Na mwishoni mwa Aprili 1888 Stanley na Emin wakakutana kandokando ya ziwa hili. Kwa ajili ya safari ile Stanley alikuwa ameagiza Zanzibar ratili 3,600 za shanga na tani 1 ya waya, mbali na nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Chakula cha watu wa nchi hizi kilinunuliwa kwa mapambo, pale kisipochukuliwa kwa nguvu.

Ni lazima pia tuseme neno la haki. Jina la kivunja-mji liliwaelemea wanawake, kana kwamba wao peke yao ndio wenye kutamani. Lakini katika misafara ileile wanaume walitafuta bunduki, vilemba na nguo za fahari, wala hatusikii kwamba bunduki ilipewa jina la kuvunja mji, ingawa ndiyo iliyoivunja miji kwelikweli. Mpaka leo tunaona upungufu huohuo wa haki. Kijana wa kiume anayenunua viatu vya jina kubwa, au simu ya mwaka huu ilhali ya mwaka jana ingali nzima, huitwa mtu wa kisasa. Kinshasa na Brazzaville wanao wasape, wanaume waliojenga sifa yao juu ya suti na viatu vya gharama, na mwanamuziki Papa Wemba aliwafanya wajulikane duniani kote. Basi tunayoyasema hapa juu ya rangi ya midomo, kaka zetu wasiyasikilize kama watu waliokuja kuhudhuria kesi ya wengine.

Dhahabu ya Kilo na jasho la asiyeivaa

Mwaka 1903 wachunguzi wa madini wawili kutoka Australia walipata dhahabu katika nchi ya Kilo, kaskazini mwa Bunia. Tangu hapo Ituri ikaingia katika hesabu za dunia. Kwa miaka mingi watu waliandikwa kazi ya migodi kwa kushurutishwa. Machifu walidaiwa idadi ya wanaume, na kabla ya barabara kujengwa, mizigo na chakula vilipanda migodini juu ya vichwa vya wapagazi. Samaki wa ziwa letu nao waliingia katika habari hiyo, maana wafanyakazi wa migodi walihitaji kulishwa. Wazee wetu walivua, wakakausha, wakatia chumvi. Dhahabu ikaenda Ulaya ikawa pete na mikufu. Na katika vita vya 1999 hadi 2003, tamaa ya dhahabu hiyohiyo iliongeza kuni juu ya moto ulioteketeza vijiji vyetu.

Hatuyataji haya ili kuamsha chuki, wala ili kila avaaye pete ya ndoa aone haya. Tunayataja kwa sababu kitu cha anasa kina tabia ya kuficha njia yake. Kinapofika dukani kinang'aa, na aliyekitolea jasho haonekani. Mkristu ni mtu anayekubali kumtafuta huyo asiyeonekana.

Kijiti chenyewe

Sasa tukitazame kitu tunachokiulizia. Rangi ya midomo kama tunavyoijua leo, kijiti kigumu cha nta, ilianza kuuzwa na watengenezaji wa manukato wa Paris katika nusu ya pili ya karne ya 19. Katika karne ya 20 viwanda vya Marekani na Ulaya vikaitia katika vikopo vya chuma vinavyosukuma kijiti juu, nayo ikaingia katika mikoba ya mamilioni ya wanawake. Kilichomo ndani yake si siri. Ni nta, ya nyuki au ya mimea. Ni mafuta, mara nyingi mafuta ya mbarika, mmea uotao hata kandokando ya njia zetu. Na ni rangi, ambayo nyingine hutokana na wadudu wadogo wanaoishi juu ya dungusi huko Peru na Mexico. Kijiti cha bei ndogo na kijiti cha bei kubwa, vyote viwili vimetengenezwa kwa jamii hizo tatu za vitu. Ni kweli kwamba kazi ya uangalifu ina thamani yake, na bidhaa za bandia zisizojulikana zilikotoka huweza kudhuru ngozi. Lakini tofauti ya uangalifu haielezi tofauti yote ya bei. Mwaka 2020 kampuni ya Hermès ya Paris ilitoa rangi yake ya kwanza ya midomo, ikauzwa Marekani kwa dola 67 kijiti kimoja. Anayelipa dola 67 hanunui nta tu. Ananunua jina, kisanduku, na namna atakavyotazamwa.

Hata hivyo, tusiharakishe kuidharau rangi yenyewe. Tarehe 15 Aprili 1945 jeshi la Waingereza liliingia katika kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani, ambamo maelfu ya wafungwa walikuwa wamekufa kwa njaa na homa, na wengine waliendelea kufa kwa mamia kila siku hata baada ya kufunguliwa. Mganga mmoja wa jeshi, Luteni Kanali Mervin Gonin, aliandika kwamba siku zile, walipokuwa wakililia maelfu ya vitu vingine, zilifika rangi nyingi sana za midomo. Hakujua nani aliyeiagiza. Mwanzoni ilionekana kama upuuzi. Kisha akaona wanawake waliolala vitandani bila shuka wala nguo ya kulalia, lakini midomo yao ni myekundu. Akaona mwanamke aliyekufa, mkononi amekishika kipande cha rangi ya midomo. Gonin alikiri kwamba kitu kile kiliwafanya tena kuwa watu, kila mmoja na uso wake, wala si namba zilizochorwa mkononi.

Mtu akiusoma ushuhuda huo hawezi tena kusema kwamba urembo ni upuzi mtupu. Mwanamke aliyenyang'anywa kila kitu alirudishiwa uso wake, na kurudishiwa uso ni jambo la Mungu, aliyemwumba mtu kwa mfano wake. Sisi wa Ituri, tuliowaona mama zetu katika kambi za wakimbizi wakisuka nywele za binti zao chini ya turubai, tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Lakini tuone na jambo la pili katika ushuhuda uleule. Hakuna aliyeuliza kijiti kile ni cha kampuni gani. Wekundu ulitosha. Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha tafakari yetu: rangi na bei ni vitu viwili. Rangi huweza kumrudishia mtu furaha na heshima ya uso wake. Bei, inapopita thamani ya kitu, hununua kitu kingine, yaani kuonekana juu ya wenzetu. Huwezi kuihukumu ya kwanza kwa makosa ya ya pili, wala huwezi kuisafisha ya pili kwa wema wa ya kwanza.

Kanisa lilisema nini

Maandiko Matakatifu hayana neno moja tu juu ya urembo. Nabii Isaya, katika sura ya 3, anawakemea mabinti wa Sayuni pamoja na orodha ndefu ya mapambo yao. Lakini anawakemea katika sura ileile ambamo wakubwa wa taifa wanashitakiwa kwa kuwanyang'anya maskini. Yudith, katika sura ya 10 ya kitabu chake, anavua nguo za ujane, anajipaka marhamu na kuvaa mapambo yake yote, naye anafanya hivyo kwa ajili ya kuliokoa taifa lake. Petro na Paulo wanawakumbusha wanawake kwamba pambo la ndani hupita pambo la nje.

Mwalimu mkuu wa Kanisa, Mtakatifu Thoma wa Akwino, alilichukua swali hili kwa uzito katika karne ya 13. Alifundisha kwamba kujipamba kwa majivuno au kwa kuwavuta wengine katika dhambi ni kosa. Lakini alikubali kwamba mke aweza kujipamba ampendeze mumewe, na kwamba kuficha alama iliyoachwa na ugonjwa si sawa na kudanganya watu kwa uzuri usiokuwapo. Kwake uzito wa jambo ulikuwa katika nia.

Na Bwana wetu mwenyewe? Mwinjili Yohane, katika sura ya 12, anasimulia jinsi Maria wa Bethania alivyompaka Yezu miguu kwa marhamu ya nardo safi. Yuda akakasirika, akasema yangaliuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Dinari ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Basi chupa ile ilibeba kazi ya karibu mwaka mzima. Hatuna katika Injili kitu cha urembo kilicho ghali kuliko hicho, na Yezu hakumkemea Maria. Alimtetea.

Tuwe waangalifu na fundisho hili, maana kila mpenda anasa angependa kulikimbilia. Maria hakuimwaga chupa ile juu yake mwenyewe. Ilikuwa yake, hakumkopa mtu. Aliitoa yote, kwa upendo, kwa yule aliyekuwa karibu kufa. Naye Yuda, aliyewataja maskini, hakuwajali. Basi Injili inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: gharama peke yake haikifanyi kitu kuwa dhambi, na kuwataja maskini peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Ndiyo maana Papa Leo wa XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mtu akiisha kutimiza mahitaji yake na heshima ya hali yake, kinachobaki ni wajibu kuwagawia wenye shida. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ukakumbusha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya matumizi ya watu wote.

Kuhesabu kwa siku za kazi

Injili imetupa pia kipimo ambacho kijana yeyote wa Kasenyi aweza kukitumia. Imehesabu bei ya marhamu kwa siku za kazi. Tufanye hivyo nasi. Tusiulize tu kijiti ni dola ngapi. Tuulize ni siku ngapi za kazi, na za nani. Ni siku ngapi za mama anayekausha samaki kwa moshi unaomwuma macho? Ni siku ngapi za baba anayetoka ziwani alfajiri bila kujua nyavu zitakuwa na nini? Msichana anayefanya kazi ya halali, aliyetimiza wajibu wake nyumbani, asiye na deni, ambaye baada ya kuweka akiba kidogo kidogo anajinunulia kitu kizuri kwa siku ya arusi ya dada yake, huyo hatumwiti mtenda dhambi. Aipake, na afurahi, na amshukuru Mungu. Tungemshauri tu, kama ndugu, kwamba wekundu wa bei ya kadiri ungempendeza vilevile, na kwamba tofauti ya bei ingeweza kumfurahisha mtu wa pili.

Lakini kama kijiti kimetoka katika pesa za masomo ya mdogo wake, au katika mkopo uliochukuliwa kwa sababu ya picha itakayopigwa Jumapili, basi jina lake la kale lingali linamfaa: ni kimara-pamba. Hakistahili, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Kuna njia ya tatu ambayo kitu hicho huingia nyumbani, nayo inatuumiza zaidi ya zote. Ni zawadi. Mtu mzima mwenye fedha, pengine mwenye mke na watoto, humpa msichana wa shule rangi ya midomo ya gharama, kisha manukato, kisha simu. Hasemi bei. Bei huja baadaye, nayo hudaiwa katika mwili wa msichana, na mara nyingi katika masomo yake na afya yake. Dada wapendwa, kitu ambacho bei yake imefichwa ndicho ghali kuliko vyote. Wazee wa bandari hawakupokea mzigo bila kuuliza nani aliulipia. Ulizeni ninyi pia. Na mkiona jibu linawatia hofu, rudisheni zawadi, na mwambieni mzazi, mlezi au mtu mzima mnayemwamini. Kurudisha si aibu yenu. Aibu ni ya yule aliyetoa ndoana akaiita zawadi. Nanyi kaka, msicheke dada zenu wanaokataa, wala msiwadharau wale walionaswa, wasaidieni watoke.

Kitambaa kisicho na bei

Tumalizie kwa mtu wa nchi yetu. Mwenye Heri Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Kongo, aliyebatizwa mwaka 1906. Alifanya kazi kwa watu wa kampuni ya Wabelgiji iliyokusanya pembe za ndovu na mpira, vitu vilivyokwenda kuwa anasa na utajiri wa mbali. Yeye mwenyewe alivaa shingoni skapulari ya Bikira Maria, vipande vya kitambaa ambavyo sokoni havina bei. Msimamizi mmoja Mzungu, aliyechukia sala zake, alimwamuru aivue. Alipokataa, akapigwa fimbo kikatili, na kwa majeraha hayo akafa mwezi wa Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Bakanja anatufundisha kwamba kitu kinachovaliwa mwilini si kidogo kamwe, kwa kuwa kinatangaza mtu ni wa nani. Ushanga wa samesame ulimtangaza mwenye nacho. Wekundu wa Bergen-Belsen ulimtangaza mtu aliyekataa kuwa namba. Kitambaa cha Bakanja kilimtangaza mtu wa Kristu. Jibu letu kwa swali la mwanzo basi ni hili: rangi ya midomo yaweza kustahili, na furaha yake ni halali, lakini bei kubwa hustahili mara chache sana, nayo haistahili kamwe inapolipwa na mwingine bila kuulizwa, au inapolipwa kwa nafsi yako mwenyewe. Kabla ya kukipokea kijiti, kigeuzeni, mkasome bei yake yote.

Maswali kwa vikundi

1. Tutaje kitu kimoja cha anasa ambacho kila mmoja wetu, wa kiume na wa kike, anakitamani. Kinagharimu siku ngapi za kazi, na za nani?

2. Ni urembo gani wa nyanya zetu ambao tungeweza kuurudisha katika sherehe zetu bila gharama kubwa?

3. Kikundi chetu kifanye nini ili msichana anayepewa zawadi zenye deni apate mtu wa kumwambia?